Tumetia Sahihi Saa Ambazo Hatukufundishwa



"Papa, kwa umri huu hesabu za nini tena? Wewe tafuta karatasi, upandishwe daraja, upumzike." Maneno haya aliambiwa mmoja wetu, mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka 23 ya chaki, siku alipokwenda katika ofisi ya kitivo kuuliza kwa nini somo la takwimu lilikwisha kabla halijaanza. Aliyemjibu hakuwa na ubaya moyoni. Alitabasamu, akamvutia kiti, akamwita papa kama impasavyo kijana kumwita mtu wa rika la baba yake. Nasi tuliposimuliwa habari hiyo tulicheka. Yalipita majuma kadhaa kabla hatujatambua kwamba tulikuwa tumetukanwa kwa adabu.

Sisi tunaoandika ukurasa huu ni baba na mama wa familia, wanachama wa shirika letu, na kwa wakati huu ni wanafunzi pia. Tumo walimu wenye diploma ya serikali, wauguzi wa A2, mtunza ghala wa kampuni ya madini, na karani anayetayarisha hati za forodha za mizigo ipitayo Kasumbalesa. Jioni, wenzetu wanapofunga milango, sisi tunatoka Katuba, Ruashi na Kamalondo tukiwa na madaftari ndani ya mifuko ya plastiki, tunapanda taksi-basi kuelekea masomo ya watu wazima. Tuliahidiwa lisansi kwa miaka miwili badala ya mitatu, jioni na Jumamosi, bila kuacha kazi. Chuo chenyewe hatukitaji. Mwenendo huu si wake peke yake, na wenye kosa ni wengi, nasi tumo miongoni mwao, kama tutakavyoeleza.

Kwanza tuondoe aibu isiyo na sababu. Wako wanaotucheka kwa kuwa tunafuata diploma ili mshahara uongezeke. Ndiyo, tunaufuata mshahara. Mwalimu anayelipwa kama D6 na mwalimu anayelipwa kama L2 wanaweza kufundisha katika jengo moja, mbele ya watoto wa mitaa ile ile, wala wasipokee sawa. Muuguzi wa A2 anaona ukuu wa idara ukipewa kijana wa A1 ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kutafuta mshipa wa mtoto mchanga. Kutaka kazi ya mtu ihesabiwe kwa haki si tamaa. Aliye na watoto sita na kodi ya nyumba haombi radhi kwa sababu anatamani ngazi ya juu. Basi ugomvi wetu hauko hapo, wala hatuwezi kukubali mahubiri ya wale waliosoma mchana, wakilipiwa na wazazi wao, wanaotuambia kwamba elimu hutafutwa kwa ajili ya elimu tu.

Wala hatugombani na ufupi wa masomo. Neno hili tunaomba lisikiwe vizuri, maana tukisema kuna uovu katika masomo ya haraka, wengi watadhani tunataka watu wazima wakalishwe darasani miaka mitano pamoja na wadogo zao. Tunalolipinga ni jambo jingine, nalo linaonekana kwa hesabu ambayo mwalimu mwenzetu alikatazwa kujifunza.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mfumo wa LMD ulipoenezwa katika vyuo vya nchi yetu, lisansi ni krediti 180 kwa miaka mitatu. Krediti haihesabu tu muda wa kukaa mbele ya profesa. Inahesabu pia muda wa kusoma nyumbani, wa mazoezi, wa kazi za vikundi. Tukichukua kipimo cha saa 25 kwa krediti moja, lisansi nzima ni saa 4500. Ukizigawa kwa miaka mitatu unapata 1500 kwa mwaka. Ukizibana katika miaka miwili unapata 2250 kwa mwaka, yaani zaidi ya saa 43 kila juma, kwa majuma yote 52, pasipo Noeli wala Pasaka, pasipo matanga, pasipo mtoto mwenye malaria. Na hizo ziwekwe juu ya saa za kazi inayokulisha. Hakuna mwili wa binadamu unaobeba mzigo huo. Kwa hiyo mtu akikuahidi lisansi ya miaka miwili nawe ukiwa kazini, ama anataka kukuua, ama anakudanganya, ama ametambua kwamba sehemu ya saa hizo ulikwisha kuzifanya zamani, katika darasa lako, katika wodi yako, katika ghala lako, naye yuko tayari kuzipima na kuzihesabu.

Njia hiyo ya tatu ndiyo njia ya haki. Nasi Wakongo hatuna haja ya kuambiwa na wageni kwamba inawezekana, kwa sababu ilikwisha kupitiwa na wazee wetu.

Mwaka 1960, uhuru ulipofika, nchi haikuwa bado na madaktari wake yenyewe. Lovanium ilikuwa imefungua milango mwaka 1954 tu, na chuo kikuu cha hapa kwetu, mji ukiitwa bado Élisabethville, mwaka 1956. Udaktari hausomwi kwa miaka minne. Waganga wengi wa Kibelgiji waliondoka katika fujo za miezi ile. Waliobaki hospitalini walikuwa wasaidizi wa waganga, wale walioitwa kwa Kifaransa assistants médicaux: watu wazima, wenye wake na watoto, waliofunzwa kwa miaka kadhaa na kisha kufanya kazi chini ya daktari Mzungu, wakijua mengi ambayo cheo chao hakikuwaruhusu kuyatia sahihi. Shirika la Afya Duniani liliwapa makumi kadhaa kati yao nafasi ya kwenda Ufaransa kukamilisha udaktari katika vyuo vikuu vya huko. Walirudi baada ya takriban miaka mitatu wakiwa madaktari kamili. Miaka mitatu tu! Je, kulikuwa na masomo ya haraka kuliko hayo? Lakini tazameni yalivyofanywa. Hawakuanzishwa upya kama vijana waliotoka shule ya sekondari, kwa sababu walichokijua kilihesabiwa. Kile wasichokijua hawakusamehewa. Waliketi katika vyumba vile vile na wanafunzi wa Kifaransa, wakapita mbele ya mitihani. Na wakati walipokuwa huko, waganga wa kigeni walioletwa na shirika hilo walizitumikia hospitali zetu. Hakuna aliyewaambia wasome udaktari jioni baada ya kutoka zamu. Njia yao ilifupishwa kwa kuondoa yale waliyokwisha kuyatembea.

Ufaransa yenyewe imeweka jambo hilo katika sheria: tangu mwaka 2002 mtu mwenye uzoefu wa kazi anaweza kuandika kwa urefu yale aliyoyafanya, akasimama mbele ya baraza la walimu na watu wa fani yake, nao wakampa diploma nzima, au sehemu yake na kumwambia kinachobaki, au wasimpe kitu. Si kazi nyepesi. Anayeandika hati ile anatakiwa aeleze kazi yake kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza.

Sasa linganisheni na yaliyotupata.

Tangu siku ya kwanza hakuna aliyetuuliza tunajua nini. Muuguzi aliyezalisha kinamama kwa miaka 15 alifundishwa, katika jioni ya kwanza, sehemu za mwili kwa majina yake, na ilimpasa kuzinakili. Mwalimu aliyeandaa masomo maelfu alisomewa namna ya kuandaa somo, na aliyemsomea ni asistenti kijana ambaye hajapata kusimama mbele ya watoto 60 wenye njaa. (Kijana huyo, tuseme kweli, aliona haya, mwishoni alianza kumwuliza maswali mwalimu wetu, na jioni hiyo moja tulijifunza kitu.) Tulichokijua kilirudiwa polepole. Tulichokuja kukitafuta ndicho kilichokatwa.

Somo la dawa na vipimo vyake liliandikwa katika ratiba kuwa la saa 45. Profesa alikuwa mgeni, akitoka mji mwingine kwa ndege, naye alikuwa akingojewa mahali pengine Jumatatu. Alitupa jioni nne za saa tatu tatu. Ni saa 12. Jioni ya kwanza ilikwenda katika orodha ya watu walionunua silabusi na wale ambao hawajainunua bado. Ya pili na ya tatu alisoma, nasi tukaandika. Umeme ulipokatika tuliangaza kwa simu. Ya nne alitusomea maswali kumi ambayo mtihani ungetolewa humo, "ili wazazi wetu wasihangaike bure." Tulipiga makofi. Tunaandika neno hili tukiwa na haya: tulipiga makofi, watu wenye mvi, kwa sababu tulisamehewa kujifunza.

Muuguzi wetu alipata 16 juu ya 20. Majuma matatu baadaye alikuwa zamu ya usiku katika wodi ya wazazi, na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, asiyefika kilo mbili, alihitaji dawa inayopimwa kwa uzito. Chupa ilikuwa ya kipimo cha mtu mzima. Ilipasa kuichanganya na maji, kisha kutafuta ni mililita ngapi. Alishika kalamu, mkono ukasimama. Maswali kumi aliyakumbuka yote, na majibu yake, na hakuna hata moja lililomwambia afanye nini na chupa ile. Alitoka nje kwenye baraza, akamwita mama mmoja wa A2 aliyebakiza miaka miwili astaafu, ambaye hatasoma chuo kikuu kamwe. Mama yule alifanya hesabu nyuma ya boksi la glavu, akairudia mara ya pili ili ahakikishe, kisha akampa. Mtoto yu hai. Dada yetu alipotusimulia hakulia wala hakulaumu mtu. Alisema tu kwamba njia nzima ya kurudi nyumbani asubuhi ile alikuwa akijiuliza ingekuwaje kama mama yule angekuwa amelala.

Hapo ndipo neno lile la ofisini, kwamba kwa umri wetu tutafute karatasi, linapoonyesha uso wake wa pili. Anayelisema anafikiri kwamba anatuhurumia. Lakini lisansi ya muuguzi si mali ya muuguzi peke yake. Ni ya mtoto yule. Lisansi ya mwalimu ni ya watoto 60 watakaoketi mbele yake kwa miaka 15 ijayo. Tangu elimu ya shule za msingi za serikali ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa yetu yamefurika, na mzazi anayemleta mtoto anatuamini bila kuomba kuona pointi zetu. Kumhurumia mwalimu kwa kumpunguzia elimu ni kuwatoza watoto wa maskini deni ambalo hawakulikopa. Kwa maana mtoto wa tajiri hatibiwi na sisi, wala hasomeshwi na sisi.

Wako ndugu, hata katika shirika letu, watakaosema tunadai makubwa. Watasema: mama mjane anayetoka sokoni saa kumi na moja, anayesoma huku mtoto akilala miguuni pake, je, mtamfelisha? Swali hili tunalichukua kwa uzito, kwa kuwa mama huyo yumo kati yetu, si mfano. Jibu letu ni kwamba hakuna aliyempa mama huyo huruma ya kweli. Huruma ya kweli ingempa ratiba inayojulikana mwezi mmoja mbele, ili apange zamu za kazi yake. Ingempa silabusi kabla ya somo, si siku ya mwisho. Ingempa mtu wa kumweleza takwimu mara ya pili, Jumamosi mchana, akiwa hajachoka. Ingemkubalia kulipa minervali kwa vipande bila kumtoa nje ya chumba cha mtihani mbele ya watu. Ingemhesabia miaka yake ya biashara katika somo la uhasibu, ambalo analijua kwa vidole vyake kuliko sisi sote, na kumwachia saa hizo kwa ajili ya lile linalomsumbua. Haya yote yangegharimu kazi. Kumpa pointi hakugharimu kitu, ndiyo maana anapewa pointi.

Na anapewa baada ya kulipa. Jambo hili la pesa halina budi kuguswa. Saa zilizokatwa zilikuwa 33 katika somo lile moja, lakini minervali haikukatwa hata franga moja. Ukiuza gunia la unga wa kilo 25 na ndani yake mna kilo saba, watu wa soko letu wanajua jina la biashara hiyo, na hawangojei chuo kikuu kiwafundishe. Hatusemi kwamba maprofesa wanatajirika kwa mwenendo huu. Tunajua wengine wanakaa miezi wakingoja kulipwa, na kukimbia kutoka mji hata mji ni namna yao ya kulisha watoto. Lakini umaskini wa muuzaji haujazi gunia.

Tumefika mahali pagumu zaidi. Mpaka hapa tumesema kama watu walioonewa. Sivyo tulivyo, au sivyo tu.

Somo la dawa lilipokwisha, karatasi ya saa ililetwa. Ni ukurasa mmoja: jina la somo, jina la profesa, tarehe, idadi ya saa zilizofundishwa, na chini nafasi ya sahihi ya kiongozi wa darasa, anayeshuhudia kwa niaba ya wanafunzi wote. Ilikuwa imekwisha kuandikwa 45. Kiongozi wa darasa ni mwalimu wetu yule yule mwenye miaka 23 ya chaki, aliyekwenda ofisini kulalamikia takwimu. Shuleni kwake humwadhibu mtoto anayemwandikia mwenzake jina katika orodha ya waliohudhuria. Alitutazama. Tulikuwa tumechoka, taksi-basi za mwisho zilikuwa zinaondoka, na kila mmoja alikuwa na hofu ya pointi zake. Tukamwambia: tia tu. Akatia.

Amri ya nane haina kifungu kinachowaachilia wanafunzi wa jioni.

Wala haikuwa mara moja. Tumehesabu pamoja, tukiandaa ukurasa huu, masomo saba ambayo karatasi zake zina sahihi yetu juu ya saa ambazo hakuna aliyezifundisha. Ofisi yoyote ya serikali ikija kesho kukagua, itakuta kwamba tulifundishwa vizuri sana. Mashahidi ni sisi. Tungelalamika kwa nani, na kwa uso gani?

Kuna na lile la memwari. Karibu na kila chuo kuna vibanda vya kuchapa na kutoa nakala, na katika baadhi ya vibanda hivyo hawachapi tu, wanatunga. Unaleta kichwa cha kazi na dola zako, unarudi baada ya juma moja. Mmoja wetu alifanya hivyo kwa sura mbili za kazi yake. Siku ya kuitetea, msomaji wa pili alimwuliza, pasipo ukali, sampuli yake aliichaguaje. Hakujua kwamba alikuwa na sampuli. Walimpitisha kwa kumheshimu, alisema mwenyekiti, "kwa sababu papa amejitahidi." Nje tulimmwagia poda nyeupe kichwani, tukaimba. Jumapili iliyofuata kulikuwa na Misa ya shukrani, na baada yake chakula, na joho lilikodishwa kwa pesa za mfuko wetu wa kusaidiana, pesa ambazo kinamama wa shirika walizichanga kwa kuuza mkaa na unga. Yeye mwenyewe ametuomba tuliandike hili. Anasema kila anapoiona picha ya siku ile ukutani, anaona watu wote wanafurahi isipokuwa mmoja.

Kwa hiyo tukisema kwamba vyuo vinatuona kama pochi zenye miguu, tuseme pia nani aliyewafundisha kutuona hivyo. Tulikuja tukiuliza bei na muda. Hatukuuliza tutajua nini mwishoni. Tangazo lililobandikwa kwenye ukuta lilisema miaka miwili, bila kuacha kazi, nasi hatukufanya ile hesabu ya kugawanya ambayo mtoto wa darasa la tano angeifanya. Labda tuliogopa jibu lake.

Lakini kosa letu haliwafanyi wengine kuwa wasafi, na kuungama kusiwe kisingizio cha kunyamaza. Tunavidai vyuo vinavyofungua masomo ya watu wazima mambo ambayo yako ndani ya uwezo wao. Mtu mzima anapoandikishwa, apimwe: aulizwe na aonyeshe anachokijua, apunguziwe hapo kwa uwazi na kwa maandishi, na asipunguziwe pengine popote. Kama baada ya kupimwa inaonekana anahitaji miaka mitatu, au minne, aambiwe siku hiyo hiyo, kabla hajatoa dola ya kwanza. Wengi wataondoka? Wataondoka. Ni afadhali darasa la watu 20 wanaojua kwa nini wamo.

Nalo shirika letu tunaliomba jambo moja. Mfuko wa kusaidiana uendelee kukopesha minervali, hata kuliko zamani, lakini anayekopa aje mara moja kwa mwezi kukaa na wenzake kusoma. Wauguzi wetu wamekwisha kuanza. Kila Jumamosi saa nane mchana, katika chumba nyuma ya parokia, wanafanya mazoezi ya vipimo vya dawa, na anayewafundisha ni mama yule wa A2 wa zamu ya usiku. Hana kibali cha kufundisha chuo kikuu. Mara ya kwanza alikataa kuketi kwenye kiti cha mwalimu. Sasa anafika na chupa tupu kumi ndani ya kikapu, anazipanga mezani, na hakuna anayetoka kabla ya kupata jibu sahihi kwa zote kumi.

Somo jipya limeanza Jumatatu. Limeandikwa saa 45, na mpaka jana usiku, jioni tatu zimepita, tumehesabu tisa. Karatasi italetwa Jumamosi. Habari ya kwamba tunataka kuandika idadi ya kweli imekwisha kuenea darasani, na si kila mtu amefurahi. Mmoja alituambia tutaharibu maisha ya watu. Mwingine alisema pointi zetu zitaonekana siku ya kutangaza matokeo, na pengine hakosei. Wenzetu wawili wa shirika wametuambia wazi kwamba hawatakuwamo. Mmoja ni yule mama mjane, ambaye ameahidiwa kupandishwa daraja iwapo atapeleka diploma kabla ya Julai. Hatumhukumu, na Jumamosi tutampeleka nyumbani kama kawaida.

Mwalimu wetu amenunua kalamu mpya. Anasema ile ya zamani ilizoea.